Usimsalimie Mshika Bendera

Siku ile, pale njia panda ya kupandia Akheri, tulikuwepo hawa. Mimi, mwenye bendera. Mdogo wangu wa mwisho, wa darasa la pili, mwenye hotipoti ya chakula changu. Bibi mmoja muuza ndizi kutoka juu kwetu, mwenye mkungu kichwani. Babu yangu wa upande wa mama, aliyetoka Oldonyo Sambu asubuhi na mapema kuja kututafuta. Dereva wa kosta. Msimamizi wetu wa ujenzi, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha greda akinywa chai. Na watu wa soko, ambao sikuwahesabu. Nawataja mapema kwa sababu walipoulizwa baadaye, karibu wote walisema wakati ule walikuwa wanatazama upande mwingine. Mimi nilikuwa natazama chini. Hilo ndilo kosa lenyewe, na nitalifikia.

Barabara kubwa ya kwenda Moshi ilikuwa inapanuliwa. Ile ya zamani niliijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama: njia mbili tu, lami imeliwa pembeni kama mkate ulioguguniwa na panya, na miti mikubwa kandokando. Mama alikuwa anavuka hapo akiwa na mkungu kichwani na mimi mgongoni, na hakuwa anageuza shingo. Mtu mwenye mkungu kichwani hageuzi shingo. Alikuwa anasimama ukingoni, anasikiliza, halafu anaondoka. Sisi watu wa mlimani tulivuka barabara kwa masikio. Ukisikia lori linanguruma kutoka Usa River unajua bado liko darajani, una nafasi. Ukisikia vifodi, zile haisi za abiria, zinapiga honi kutoka upande wa mjini, unasubiri, maana mwenye kifodi akiona abiria anaacha barabara na kumfuata abiria hadi mtaroni.

Baba alitangulia kufariki, mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume na huyo wa mwisho, ambaye bado alikuwa anauliza mama atarudi lini. Ndugu walikuja, wakakaa, wakala, wakazungumza kuhusu kutugawa. Mmoja amchukue huyu, mwingine yule. Niliwasikiliza hadi mwisho, halafu nikawaambia kwamba sitarudi shule na hakuna mtoto atakayetoka katika nyumba ile. Shangazi aliniuliza, "Utawalisha nini?" Nikamjibu, "Nitakachokula mimi." Lilikuwa jibu la mtoto, lakini nililisimamia.

Kazi ya barabara ilipofika kwetu, nilishuka na wenzangu kuomba kibarua. Wanaume walipewa sururu na toroli. Wasichana wawili tulipewa bendera. Msimamizi alikuwa mtu wa mbali, Kiswahili chake kinateleza kuliko chetu, na alikuwa na tabia ya kusema jambo mara moja tu. Mwanzoni tulikuwa na bendera mbili kila mmoja, nyekundu na ya kijani. Za kijani ziliibiwa wiki ya kwanza. Moja tuliiona Jumapili kanisani, imekuwa kilemba cha mama mmoja wa kwaya, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue. Basi msimamizi akaamua tutumie nyekundu peke yake.

"Ikiwa juu, basi limesimama," alisema. "Ikishuka, basi linapita. Hakuna katikati. Umenielewa?"

Nilielewa.

Nasema basi, na si gari, kwa sababu mimi sikuwekwa kwenye barabara nzima. Niliwekwa kwenye njia ya mabasi. Mwanzoni mwa ujenzi magari yote yalipita pamoja kwenye kipande kilichobaki: tipa za kifusi, vifodi, kosta, magari ya watalii, pikipiki, punda wa maji. Kila siku mtu aligongwa kioo au kukwanguliwa ubavu. Wenye vifodi waligombania abiria katikati ya mashimo. Nikipita pale niliwahi kuona makondakta wawili wanamvuta mama mmoja, huyu mkono wa kulia na yule wa kushoto, na tipa nyuma yao linateleza kwenye tope. Ndipo wakubwa wa ujenzi walipoamua kutenga njia ya pembeni, upande wa chini, iwe ya mabasi ya abiria peke yake. Walipanga mapipa yaliyojazwa mchanga, yamepakwa rangi nyekundu na nyeupe, mstari mmoja mrefu hadi macho yanapoishia. Mabasi ya kutoka mjini yanapita kwanza, halafu yanayokwenda mjini, kwa zamu. Katikati ya mapipa waliacha mwanya mmoja wa watu wanaoshuka kutoka Akheri kwenda sokoni Tengeru. Kwenye mwanya huo ndipo niliposimama.

Nikisema kweli, mapipa yale yalisaidia. Ugomvi wa vifodi uliisha, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuchepukia. Vioo vilipona. Abiria walijua basi litasimama wapi, wakaacha kukimbizana nalo. Lakini njia ya mabasi ilikuwa na hila yake, na ilinichukua muda kuiona. Magari mengine yalitambaa kwenye foleni, na mtu alipenya kati yake kama anavyopita kati ya ng'ombe zizini. Njia ya mabasi ilikuwa tupu. Watu wetu wakiona mahali patupu wanaona mahali pa bure. Wiki ya pili nilikuta mama mmoja ameanika mahindi pale. Wiki ya tatu, vijana wanacheza mpira kati ya mapipa. Halafu ghafla inatokea kosta, haina cha kuizuia mbele, haina mashimo, dereva amefurahi kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Serikali imejenga nyumba," yule bibi muuza ndizi aliniambia siku moja. "Mabasi yamepewa sebule. Sisi tunapita uvunguni."

Bibi huyo alikuwa jirani yetu wa juu, nyumba tatu kupita yetu, karibu na kanisa. Alikuwa mwembamba, mrefu, shingo yake imenyooka kwa mikungu ya miaka yote. Kila Jumatano na Jumamosi alishuka. Mimi nilimwamkia nikiwa bado nimeinua bendera, naye hakuniacha nipumue.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, askari wangu wa kitambaa. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Na mkono wako umeamka? Walokole wanainua mikono bure hadi wanazimia. Wewe unainua unalipwa. Utaulizwa siku ya mwisho."

"Bibi, pita, basi linasubiri."

"Lisubiri. Mimi nimesubiri barabara hii tangu Mwingereza."

Hakuwa mzee kiasi hicho. Alipenda tu kumsingizia Mwingereza kila kitu.

Nikikumbuka siku zile, nakumbuka kwanza vumbi, halafu mlima. Asubuhi kabla ya katapila kuamka Meru ilisimama wazi hadi kileleni, samawati, na wingu dogo shingoni kama kitambaa cha mtoto anayelishwa. Migomba ya juu ilikuwa bado na umande. Kahawa ikichanua, harufu yake ilishuka hadi kwenye mapipa na kuchanganyika na harufu ya lami ya moto, na hadi leo nikisikia harufu ya lami natafuta ya kahawa. Madereva walitujua. Mmoja alinirushia nusu andazi kila asubuhi, na mara moja alilirusha likatua ndani ya pipa la mchanga, akasimamisha basi na abiria wake wote ili ashuke kunipa jingine. Mwingine alimletea mdogo wangu wa kiume magazeti ya zamani, kwa kuwa alisikia anapenda kusoma. Walikuwa wanauliza, "Dada bendera, wadogo wamekula?" Hakuna aliyejua jina langu. Waliujua mzigo wangu tu, na kwangu hilo lilitosha.

Mdogo wangu wa mwisho aliionea fahari kubwa kazi ile. Jumamosi, ambapo hakuna shule, alipika na kaka yake, halafu akashuka na hotipoti imefungwa kwenye kanga ya mama. Makande, au ndizi na maharage. Nilimfundisha nilivyofundishwa. Simama ukingoni, sikiliza. Halafu nikamwongezea jambo moja ambalo mama hakuwa nalo: "Ukiona bendera yangu iko juu, vuka. Usiangalie kitu kingine. Niangalie mimi."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Basi ikafika Jumamosi ile. Soko limejaa, jua la saa sita, foleni ya magari haisogei. Niliona kosta kwa mbali kwenye njia ya mabasi, inatoka upande wa mjini. Watu walikuwa wamekusanyika ukingoni, nikainua bendera. Bibi muuza ndizi alikuwa wa kwanza kuingia kwenye mwanya. Mdogo wangu, akishuka naye kutoka juu kuja kwangu, alimpita na hotipoti yake, akawa mbele kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye bendera.

Nyuma yangu sauti ikaniita. Haikuniita kwa jina la shule wala la ubatizo. Iliniita kwa jina ambalo mama alinipa nikiwa mchanga, na ambalo tangu tumzike hakuna mtu alikuwa amelitamka. Niligeuka. Alikuwa babu, ndugu yake bibi mzaa mama, amejifunga shuka, fimbo begani, vumbi la Oldonyo Sambu bado liko kwenye makubazi yake. Upande wa mama ni Waarusha. Kwao mtoto hamwambii mzee shikamoo kwa mdomo tu kama anamwambia karani. Unakwenda mbele yake, unainamisha kichwa, naye anaweka kiganja juu ya utosi wako. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujajua kutembea vizuri. Ukiona kiganja cha mzee kimenyooshwa, kichwa chako kinakwenda chenyewe.

Babu alinyoosha kiganja. Kichwa changu kikaenda.

Na mkono ukafuata kichwa. Mtu hawezi kuinama mbele ya mzee huku amenyanyua mkono juu yake, ni kama unataka kumpiga. Sikuwaza hayo. Mwili ndio uliowaza. Nilihisi kiganja chake kikavu, chepesi, na nikasikia anasema, "Mmekua." Nilikuwa natazama vidole vyake vya miguu.

Dereva wa kosta alikuwa ameanza kupunguza mwendo. Akaona nyekundu inashuka. Akakanyaga mafuta. Ndivyo tulivyomfundisha.

Mengine nimeyapata kwa kuambiwa, lakini nimeambiwa mara nyingi hadi nayaona. Bibi hakuweza kuona kosta, ilikuwa ubavuni kwake na mkungu ulikuwa kichwani. Alisikia. Alisikia injini iliyokuwa inashuka ikipanda tena. Mbele yake akaona mtoto anayetembea huku anatazama juu, kwenye mkono ambao haukuwepo. Bibi yule, ambaye sikuwahi kumwona akitua mkungu bila mtu wa kumsaidia, aliutupa. Aliutupa kama mtu anavua kofia. Akamsukuma mtoto kwa mikono miwili hadi katikati ya mapipa. Kosta ilifunga breki, ikaserereka, ikapanda juu ya mkungu, na pembe yake ikamgonga bibi kwenye paja.

Nilinyanyua kichwa kwa mlio wa breki. Hotipoti ilikuwa inabiringika kwenye lami, makande yanamwagika nyuma yake kama mstari. Mdogo wangu amekaa kati ya mapipa mawili, kinywa wazi, hajaanza kulia. Bibi yuko chini. Watu wanapiga yowe. Mimi nikaanza kukimbia kuelekea kwake, bendera inaburuta.

"Wee!" Bibi alinyoosha kidole, akiwa amelala pale pale, mguu wake umekaa vibaya. "Inua bendera, wewe mtoto! Kuna mengine yanakuja!"

Kweli yalikuwa yanakuja. Vifodi viwili nyuma ya kosta. Niliinua bendera. Nikasimama pale katikati ya njia ya mabasi, mkono juu, huku wengine wakimbeba bibi, wengine wakimnyamazisha mdogo wangu, wengine wakimvuta dereva kwa shati. Sikumshika bibi mkono. Sikumkumbatia mdogo wangu. Niliinua bendera hadi msimamizi alipokuja kuichukua mikononi mwangu, na vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa, akavifungua kimoja kimoja.

Mchana ule ule watu walikuwa wameshaamua. Dereva alikuwa mwendawazimu, alikuwa anakimbia, apelekwe kituoni. Kosta zote zinakimbia. Hata waliokuwa wanatazama upande mwingine waliona anakimbia. Dereva alikuwa amekaa chini kwenye gurudumu lake, shati limechanika, anarudia neno moja: "Ilishuka. Jamani, ilishuka." Alinitazama. Ni yule wa nusu andazi.

Nilijua nikinyamaza, itapita. Watu wote walikuwa upande wangu, yatima, dada bendera. Na nilijua nikisema, kibarua kinaweza kuisha siku hiyo, na nyumbani kulikuwa na debe nusu la mahindi. Nilisimama kitambo nikitazama ndizi zilizopondeka. Halafu nilikwenda kwa msimamizi, mbele ya watu, nikasema, "Ilishuka kweli. Mimi ndiye niliyeishusha."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Unasalimia?" Alidhani hakunisikia. "Si unasalimia kwa mdomo? Mkono unahusika nini?"

Watu wetu walielewa mara moja, na nikaona nyuso zao zikibadilika, kwa sababu kila mmoja alijua na yeye angeinama. Babu alisogea mbele na fimbo yake, akamwambia msimamizi taratibu, "Huyu mtoto hana kosa. Mkono ni wangu." Msimamizi alimtazama babu, akanitazama mimi, akavua kofia yake ngumu, akakaa nayo mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu ametoka mahali ambapo wazee husalimiwa ukiwa umesimama.

Dereva aliachiwa. Mimi sikufukuzwa, lakini nilitolewa kwenye bendera kwa muda, nikapewa ndoo ya kumwagia vumbi maji. Bendera za kijani zilinunuliwa nyingine. Na kwenye kila mwanya wa njia ya mabasi liliwekwa bango la mbao, maandishi makubwa meusi: USIMSALIMIE MSHIKA BENDERA. Wazee walikasirika sana. Mzee mmoja wa kanisa alisimama mbele ya bango hilo akalisoma kwa sauti, halafu akasema, "Tumefika. Sasa hata shikamoo imewekewa marufuku." Lakini tangu siku ile walipita kimya, wakinipa salamu kwa macho, na wengine kwa kukohoa tu. Niliporudi kwenye bendera, nilijifunza kutambua kila mzee kwa kikohozi chake.

Bibi alilala hospitali muda mrefu. Siku aliyorudishwa, nilikwenda kwenye mpaka wa shamba letu, pale baba alipopanda masale yanayotutenganisha na jirani, nikakata jani moja. Kwetu, upande wa baba, ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalifikii, unakwenda kwake na sale mkononi. Aliyeletewa sale hakatai. Nilikwenda na mdogo wangu wa mwisho, na babu alikuja tena kutoka Oldonyo Sambu kwa ajili hiyo, ingawa si mila ya kwao, akasimama nyuma yetu.

Bibi alikuwa kitandani karibu na dirisha, mguu umenyooshwa juu ya mito. Alipoliona lile jani hakuchelewa. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kifuani.

"Yameisha," alisema. "Mbele ya Mungu yameisha. Nani amekuambia ulie? Nimekufa?"

"Hapana, bibi."

"Mtoto amevunjika mahali?"

"Hapana."

"Basi. Mkungu ule ulikuwa mzuri, huo nitaulilia mwenyewe." Alimtazama mdogo wangu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anakagua ndizi. Kisha akanigeukia mimi. "Sale ni la Mungu. Mimi na wewe tuna la barabarani. Hujui nani anamdai mwenzake?"

"Wewe ndiye unayenidai, bibi."

"Ndiyo hiyo. Mimi sikumsukuma mtoto ili niwe mtu wa kutazama dirisha. Siku nitakayoshuka tena sokoni, kwa miguu yangu, mkungu kichwani, utanisimamishia magari. Siyo basi moja. Yote. Ya kwenda na ya kurudi. Nataka nivuke polepole, nimenyooka, kama bwana harusi anakuja kanisani."

"Nitasimamisha."

"Na usinisalimie."

Babu alicheka nyuma yetu. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka tangu msiba.

Kuanzia Jumatano iliyofuata nilibeba mkungu wake pamoja na wangu, safari mbili, kabla ya kwenda kwenye bendera. Nilimwambia nalipa. Akasema hiyo ni kazi, kila mtu anabeba ndizi. Deni linabaki pale pale.

Ujenzi uliisha. Mapipa yalipakiwa kwenye tipa asubuhi moja, mchanga ukamwagwa pembeni ya mtaro, watoto wakacheza juu yake mwezi mzima. Njia ya mabasi ikaondoka pamoja nayo. Sasa barabara ni pana, njia nne, tuta la majani katikati, mabasi yana vituo vyake vya kuingilia pembeni, pundamilia imechorwa. Ni barabara nzuri. Hailiwi pembeni. Mdogo wangu wa kiume alimaliza shule na sasa ana gereji yake ndogo Kwa Mrombo. Yule wa mwisho anasomea uuguzi, na akija likizo anavuka kwa mkono mmoja umeinuliwa, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Babu amelala kaburini kwao, mlimani upande ule mwingine. Mimi nauza ndizi, zangu na za bibi.

Siku hizi sokoni watu wanabishana juu ya mabasi ya mwendokasi, kwamba mji ukiendelea kujaa hivi na sisi tutahitaji njia za mabasi peke yake kama walizonazo wengine. Kijana mmoja muuza simu anasema ajali zitaisha kabisa. Mama wa nyanya anasema zitaongezeka kabisa. Wakiniuliza, nawaambia nimewahi kukaa kwenye njia hiyo nikiwa msichana, na kwamba basi likipewa njia yake linatulia, hilo nimeliona kwa macho. Ila mtu anayevuka naye apewe chake. Pale petu mapipa yalipangwa kwa ajili ya mabasi, na kwa ajili ya watu kulikuwa na mkono wangu tu. Kijana wa simu ananiambia, "Mama, siku hizi ni taa." Namwambia sawa, taa haina babu.

Lakini nikiwa peke yangu nayakumbuka mapipa kwa upendo ambao sijui niuweke wapi. Madereva sasa wanapita na vioo vimepandishwa. Hakuna anayeuliza wadogo wamekula.

Bibi alianza kutembea kwa mikongojo hadi jikoni. Mwaka uliofuata akafika kanisani. Halafu, kwa fimbo, akafika kwenye kona ambapo unaiona barabara yote chini, na hapo alisimama miaka. Kila nikipita na mkungu ananiuliza, "Inaendaje?" Namwambia inakimbia. Anasema, "Bado."

Baada ya masika yaliyopita nilimkuta kwenye kona amevaa viatu vya sokoni. Kichwani alikuwa na kata ya migomba, na juu ya kata chane moja tu ya ndizi. "Leo," alisema. Nilirudi nyumbani mbio nikachukua bendera. Msimamizi aliniachia ile nyekundu siku ya mwisho, na iko nyuma ya mlango tangu wakati huo. Naifua kila Pasaka.

Tulishuka polepole. Ukingoni mwa barabara alisimama, akasikiliza, kama mama. Nikaingia kwenye pundamilia, nikainua bendera.

Gari la kwanza lilinipigia honi. La pili lilinizunguka. Kifodi kimoja kilisimama, kondakta akachungulia, "Mama, vipi, kuna maandamano?" Nyuma yake lori likahama njia na kupita kwa kasi hadi bendera ikanipiga usoni. Nilibaki mkono juu. Niliita, nilipaza sauti, nilisogea hatua nyingine mbele. Bodaboda zilipita kushoto na kulia kwangu kama maji yanavyopita jiwe. Upande mmoja ukipungua, mwingine unajaa. Sikuwa na reflekta, sikuwa na mapipa, sikuwa na kosta ya nusu andazi. Nilikuwa mwanamke mmoja na kitambaa.

Nyuma yangu nikasikia, "Askari."

Niligeuza kichwa tu. Mkono sikuushusha.

"Toka huko kabla hawajaniulia askari. Hawa hawakujui."

"Nitawasimamisha, bibi. Subiri kidogo."

"Nilisema yote. Siyo kidogo kidogo." Alikuwa ameegemea fimbo, chane ya ndizi haijayumba kichwani. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaitazama barabara kama anavyotazama mkungu ambao haujakomaa. "Bado. Twende nyumbani, mguu unavuta."

Nilimshika mkono tukapanda. Njiani hakunitania hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko lori. Tulipofika kwake alinipa ile chane nikaiuze, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, akavua viatu vya sokoni na kuvipanga mlangoni, si ndani kabatini. Mlangoni.

Nimeanza kwenda kwa watu wa barabara kuwauliza habari ya taa pale njia panda, au mtu wa bendera siku za soko. Wanasema wameandika. Jumatano nitakwenda tena kabla ya soko. Nikirudi nitashuka na mikungu miwili, wa kwangu na wa bibi, nitasimama ukingoni na kusikiliza, na nitavuka peke yangu. Viatu vyake bado viko mlangoni.